Jioni Baba Alipotolewa ICU

Sista alitokea mlango wa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, jioni akatuambia, "Leo mzee wenu anahamia wodini." Shangazi alikwisha kufungua mdomo apige vigelegele, nikamuwahi mkono. Majuma yote yale kelele ndizo tulizokuwa tukiziogopa.

Baba ni fundi wa malori pale Malaba. Mwaka 2018 alikanyaga msumari gereji, akasuuza kidonda kwa dizeli, akarudi chini ya lori. Wiki iliyofuata taya lilikaza, kisha shingo, kisha mgongo ukapinda kama upinde. Pepopunda. Tulipewa rufaa hadi hospitali moja kubwa ya Kampala, na huko wakamtoboa koo, wakamwekea mpira, mashine ikawa inampumulia. Sumu ya ugonjwa ule hushika mishipa ya fahamu, hata mlango ukibamizwa au taa ikiwashwa ghafla, mwili unaweza kukakamaa upya. Kwa hiyo alilazwa pembeni, kwenye mwanga hafifu, na nesi mmoja aliangalia wagonjwa wawili tu. Sisi tulikuwa nje kwenye mikeka. Tuliitwa kumwona kidogo mchana, au kutumwa dawa.

Daktari alisema baba sasa anapumua mwenyewe, tena yupo msichana anayesubiri kitanda kile. Hilo nililikubali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihesabu vitanda 55 tu vya ICU vinavyofanya kazi Uganda nzima, na mimi niliwaona kwa macho yangu watu wanaosubiri. Kilichoniuma, na kinaniuma hadi leo, ni jinsi tulivyokabidhiwa mgonjwa. Faili lilikabidhiwa kwa nesi wa wodi. Sisi tulipewa shuka na mfuko wa dawa.

Wodini taa ndefu ilikuwa juu ya kichwa chake. Toroli la dawa lilikuwa na gurudumu linalolia, simu ziliita kila kona, mtoto wa mtu alikuwa analia. Usiku ule manesi walikuwa wawili kwa wodi nzima, wanakimbia. Mashine iliyokuwa ikionyesha mapigo ya moyo wake haikuwepo tena, nami nikabaki nimekodolea macho kifua chake, nikingoja kiinuke. Ndipo nilipoelewa kwamba kazi ya yule nesi wa ICU imekuwa yangu, na hakuna aliyenionyesha inavyofanywa.

Aliyetufundisha ni mama mmoja wa Mbale, aliyekuwa akimuuguza kijana wake kitanda cha pili. Bodaboda ilikuwa imemwangusha. Aliniona nimesimama na kikombe cha uji mbele ya mpira wa puani aliokuwa akilishwa nao. "Mwanangu, kwanza muinue akae. Uji upite taratibu, usiusukume. Ukimaliza usimlaze, mwache hivyo nusu saa, usije ukamrudi mapafuni." Akatuambia tumgeuze ubavu kila saa mbili na kumkagua visigino na makalio, kidonda cha kulalia kisije kikaanza. Kaka ndiye aliyekuwa akimwogesha, basi ukaguzi ukawa wake. Shangazi alitundika kitenge chini ya ile taa, akazunguka kitanda hadi kitanda akiwaomba watu wapunguze sauti za simu. Walipunguza. Hata yule sista wa toroli alianza kuliinua kidogo akipita kwetu. Tulipomweleza hofu yetu, alinionyesha namna ya kusikiliza makohozi yanapokoroma kwenye mpira wa koo, ili nimwite mapema alete mashine ya kuyafyonza.

Baba mwenyewe ndiye niliyeshindwa kumsoma. Hakuwa na sauti kwa sababu ya ule mpira wa koo, na usiku alikuwa akiona vitu visivyokuwepo. Macho yake yalifuata kitu darini, mkono ukijaribu kukisimamisha. Baadaye alituambia yalikuwa malori. Daktari alisema wengi waliolala ICU kwa dawa za usingizi hupatwa na hayo, na hupita.

Usiku wa pili alinionyesha kalamu. Nikashikilia daftari, naye akaandika kwa herufi zinazotetemeka, akipumzika katikati: PESA ZIMEISHA?

Nililia. Kumbe tangu machela iondoke alidhani tumeshindwa gharama na ametolewa akafie wodini. Walimsukuma korido nzima na hakuna aliyemwinamia kumwambia kwamba anahamishwa kwa sababu amepata nafuu! Nilimwambia mimi, polepole, sikioni: "Baba, hapana. Umepona kiasi cha kutoka kule. Unapumua mwenyewe." Akanitazama muda mrefu, kisha akaweka kiganja kifuani, akawa anakisikiliza kinavyopanda na kushuka. Usiku ule alilala.

Siku ya ruhusa, tundu la koo likiwa limezibwa kwa bandeji, sista alikuja na sindano ya chanjo. Baba alishangaa: si ameshaugua? Sista akamweleza kwamba kuugua pepopunda hakumkingi mtu asiugue tena, lazima achanjwe na arudie kwa tarehe alizoandikiwa. Baba akakunja mkono wa shati. Kisha, kwa sauti iliyokwaruza, akauliza kama vijana wake wa gereji nao wanaweza kuchanjwa. Tulipofika Malaba, kaka aliwapeleka wote kituo cha afya.