Mkono wa Tairi la Spea

Mlango wa nyuma wa Prado haukuundwa kubeba tairi la inchi 33. Tairi hilo na ringi lake vinakaribia kilo 40, na mzigo wote unaning'inia kwenye bawaba zilizofungwa kwenye bati. Shika njia mbovu ya Engaruka hadi Ngare Sero, kule Ziwa Natron, halafu sikiliza mlango unavyolia. Kuna wenzangu ambao bati limewapasukia palepale kwenye bawaba. Na spea ya chini ya gari siitaki: ukizama kwenye tope, nayo imezama.

Kwa hiyo tunaunda mkono wa chuma unaoshikwa na bampa na kufunguka pembeni kama geti. Kila anayepita gereji anauliza unene wa bomba. Ni la mraba, 50 kwa 50, milimita 4, linatosha. Kinachoninyima usingizi ni shafti unapozungukia mkono.

Chukua kilo 40, katikati ya tairi iwe sentimita 60 kutoka kwenye shafti. Beringi ya juu inavutwa upande mmoja, ya chini inasukumwa upande wa pili. Zikiachana sentimita 10, kila moja inapokea nguvu ya kilo 240, na hapo gari limesimama tu. Zikiachana sentimita 20, inashuka hadi 120. Ndiyo maana nimeng'ang'ania bushi ndefu, yaani bomba linaloshika shafti na beringi zake, ipenye bampa na ichomelewe juu na chini.

"Kaka, hii haitoki," fundi aliniambia akizima mashine. Alichomea kidogo huku, kidogo kule, chuma kisipinde kwa joto. Namheshimu sana kwa subira ile.

Mkono ukifungwa, ncha yake inapanda kwenye kipande cha chuma chenye mwinuko mdogo na kuketi hapo, hivyo shafti haibebi peke yake. Komeo linaukaza kwenye mpira. Usiruhusu ucheze hata kidogo, maana mtikisiko wa barabara utaukuza upenyo huo siku hadi siku.

Nimeongeza pini ya kuuzuia ukiwa wazi. Gari likiegeshwa kwenye mteremko, mkono huo unaweza kujifunga wenyewe kwa nguvu, na wanangu hupenda kusimama hapo nyuma tukishusha mizigo. Pini hiyo ningeiweka hata kama ingegharimu kuliko kazi yote.

Bado rangi, na kuhamisha namba na taa yake, kwa sababu tairi linaziziba.