Kwa uliyeko ughaibuni na miguu imegoma kutoka kitandani

Najua kuna mtu atasoma hii akiwa bado kitandani, pazia limefungwa, na nje ni saa nane mchana. Hii nakuandikia wewe.

Mi ni mtoto wa Dodoma, Makole, sa hivi niko Leeds huku Uingereza, nafanya kazi ya kuhudumia wazee na shifti zangu nyingi ni za usiku. Nimekaa na sonona, yaani depression, muda mrefu, daktari ndo aliyeniambia ni sonona, mi nilikuwa nasema tu nimechoka. Na kila unayemwambia umechoka anakujibu fanya mazoezi. Ni kweli, mazoezi yanasaidia, sibishi kabisa. Ila hakuna anayekuambia utayaanzaje wakati ugonjwa wenyewe kitu cha kwanza unachokunyang'anya ni hamu, yaani hamu ya kula, ya kuoga, ya kupokea simu ya mama, sembuse hamu ya kukimbia kwenye baridi.

Mshauri wangu alinielewesha jambo moja ambalo nataka ulishike. Sisi tunadhani hamu inakuja kwanza halafu mtu anatoka. Kwa mwenye sonona inaenda kinyume, unatoka bila hamu yoyote, unafanya kitu kidogo ulichokipangia saa yake, na hamu inafuata baadaye, tena siku nyingine haifuati na bado umefanya. Kwa hiyo ukikaa unasubiri siku utakayojisikia vizuri ndo uanze, utakaa sana. Na huo sio uvivu jamani, naomba hilo neno tuache kuwaambia wagonjwa. Mvivu anafurahia kulala, mtu wa sonona analala na hafurahii chochote.

Aliyenitoa mimi kitandani ni mdogo wangu aliyeko Dodoma. Anafanya kazi ofisi moja kule Mtumba, akitoka anapanda daladala mpaka mjini, anafika nyumbani anavua viatu vya kazini, anavaa raba halafu ananipigia. Hata haniulizi naendeleaje. Ananiuliza, "Dada, umeshavaa raba?" Nikisema bado, anasubiri kwenye simu. Mi soksi naziweka juu ya hita tangu usiku, maana soksi ya baridi peke yake inatosha kumrudisha mtu kitandani, nakaa ukingoni mwa kitanda nafunga kamba na yeye anasikia nikihema. Kwake nasikia bodaboda, nasikia ule upepo wetu unapiga kwenye simu, anasalimiana na watu njiani kwa Kigogo, "mbukwa", halafu anarudi kwangu: "Haya mi natokea Nyerere Square hapa, we umefika wapi?" Nipo mlangoni. "Toka basi, ntakusikia mlango ukifunga."

Tunatembea hivyo, yeye Dodoma mi Leeds, dakika kumi, siku nyingine zaidi. Kuna siku nashindwa kabisa na yeye hagombi, ananiambia fungua pazia usimame dirishani tuongee, leo inatosha. Nikikuambia tafuta mtu ndo namaanisha wa hivyo, wa kukusubiri kwenye simu. Wa kukutumia maneno ya kutia moyo wapo tele.

Na usiwaone wa jimu ukadhani mpaka uinue vyuma ndo umefanya mazoezi. Kuna uchambuzi mkubwa ulitoka mwaka 2024 kwenye jarida la madaktari la BMJ, ulikusanya tafiti 218, ukaonyesha kutembea na kukimbia polepole, yoga na mazoezi ya nguvu vyote vinapunguza sonona, na kadiri unavyozidi kujituma faida inaongezeka. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lakini kama upo chini kabisa hiyo namba iache kwanza, itakutisha bure. Anza na mlangoni.

Kitu kingine ni jua. Mtu wa Dodoma jua tumelizoea mpaka tunalilalamikia, huku Desemba saa kumi jioni haijafika limeshazama, na kama umetoka shifti ya usiku asubuhi ukalala, unaamka giza, unarudi kazini giza. Ndo maana ukitembea, tembea mchana. Na vitamini D, ile mwili unayoipata kwenye jua, meza, NHS wenyewe, yaani huduma ya afya ya serikali ya huku, wanashauri sisi wenye asili ya Afrika tufikirie kumeza kila siku mwaka mzima, sio kipindi cha baridi tu.

Sasa hili la Mirembe. Sisi wa Dodoma tumekua tunataniana "we utapelekwa Mirembe", na ule utani unamfuata mtu mpaka ughaibuni, anaumwa miaka na hawezi kumwambia hata mama yake mzazi kwa sababu anajua neno litakalosemwa mtaani. Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili kule kwetu Dodoma. Watu wanaingia pale wanatibiwa, wanarudi makwao, wanalima, wanafundisha, wanalea watoto. Inaniuma sana tunavyolitumia lile jina.

Kwa hiyo mazoezi yasikufanye uache dawa au uache kwenda kuongea na mtaalamu. Ukiwa England unaweza kujiandikisha mwenyewe NHS Talking Therapies, huduma yao ya tiba ya kuongea na mtaalamu, bila kupitia kwa GP, yaani daktari wako wa kawaida, na Kiingereza kikikusumbua omba mkalimani. Na kama umefikia kuwaza kufa, ndugu yangu, hapo usihangaike na raba, mwamshe mtu sasa hivi, ukiwa England piga 111 uchague namba 2, na aliyeko nyumbani Tanzania aende hospitali iliyo karibu, asiende peke yake.

Mwisho wa Oktoba saa za huku zinarudishwa nyuma, tofauti yetu na Dodoma inakuwa masaa matatu badala ya mawili, kwa hiyo mdogo wangu tumeshakubaliana atatoka saa kumi na moja jioni badala ya saa kumi na mbili, ili kwangu iwe saa nane mchana na mwanga bado upo. Na kama upo Leeds na huna wa kukupigia, Jumamosi saa tatu asubuhi kuna parkrun, mbio za pamoja za kila wiki, pale bustani ya Woodhouse Moor, ni kilomita tano, hulipi kitu, wanaotembea tupo na kuna mtu wa kujitolea anayekaa nyuma ya wote makusudi ili asiwepo wa kujiona wa mwisho. Mi natembea. Ukisikia mtu anaongea Kiswahili kwenye simu ujue ndo mimi, njoo tu useme mbukwa.