Rangi iliyonipotezea miezi miwili

Kwa miezi miwili seli zangu zilinipa jibu lilelile: zilizopewa homoni ya estrojeni na zisizopewa, zote zilitoa TGF-alfa karibu sawasawa. Hicho ni kichochezi cha ukuaji. Seli hukitema nje, kisha hukipokea zenyewe, nacho huzisukuma zigawanyike. Nilitaka kujua estradioli, ambayo ni aina ya estrojeni, inakiongeza kwa kiasi gani.

Seli zenyewe ni MCF-7, za saratani ya matiti. Zilitoka kwenye maji ya kifuani mwa mtawa wa Michigan, Sista Catherine Frances, aliyefariki mwaka 1970. Nilimkumbuka kila nilipofungua chombo, na iliniuma kuzimwaga bure.

Mwenzangu wa meza ya pili ndiye aliyeniuliza, "Dada, hiyo rangi umeiondoa?"

Kioevu cha lishe huwekwa fenoli nyekundu ili ituonyeshe asidi ikizidi. Kikigeuka njano, ujue ni wakati wa kukibadilisha. Akanieleza kwamba tangu mwaka 1986 inajulikana kuwa rangi hiyo huzichochea seli za aina hii kama estrojeni dhaifu. Seramu ya ndama, yaani majimaji ya damu yake tunayotia humo, nayo ina homoni zake. Kumbe zile nilizodhani hazijapewa kitu zilikuwa zimeshiba!

Nikaanza upya. Nilichukua kioevu kisicho na fenoli, na seramu iliyochujwa homoni kwa mkaa, nikaziacha seli zifunge siku tatu. Estradioli niliweka nanomola 1. Kwa kuwa huyeyushwa kwenye ethanoli, seli za kulinganishia nazo nilizipa ethanoli kiasi kilekile. Kundi la tatu lilipata estradioli pamoja na fulvestranti, dawa inayozuia kipokezi cha estrojeni.

Kuna jambo nasisitiza kwa kila anayeniuliza: hesabu seli. Estrojeni huzifanya zizaliane, kwa hiyo TGF-alfa ikiongezeka huenda ni kwa sababu watoaji wameongezeka tu. Baada ya saa 48 nilikusanya kioevu, nikahesabu seli za kila kisima, yaani kila kijishimo cha sahani ya maabara, ili nigawe TGF-alfa kwa idadi yao.

Siku ya kipimo cha ELISA, ambacho huonyesha wingi wa TGF-alfa kwa ukolevu wa rangi, nilipotia asidi ya mwisho, visima vya estradioli viligeuka njano iliyokolea. Vya kulinganishia vilibaki hafifu, na vya fulvestranti vikafanana navyo. Nikavipiga picha kwa simu kabla hata sahani haijaingia kwenye mashine. Nilipogawa kwa idadi ya seli, tofauti ilipungua kidogo, lakini ilibaki.