Kaseti ya Pryor na betri za juani

Mjomba wangu alikuwa baharia, na kila akishuka meli lazima aje na kitu cha kutushangaza. Mara redio, mara viatu vya saizi isiyo ya mtu yeyote mle nyumbani. Mwaka huo, nadhani 1994 maana nilikuwa darasa la saba, akaja Mombasa na kaseti haina hata kava, imeandikwa kwa peni PRYOR, basi. Sisi tukadhani muziki, tukajipanga ukumbini tayari kucheza.

Kumbe ni mtu anaongea tu! Anaongea, watu wanacheka, anaongea tena. Ilikuwa Live on the Sunset Strip ya Richard Pryor, mchekeshaji mweusi wa Marekani, ile ya 1982, baadaye sana ndio nikajua ilichukua Grammy, ile tuzo kubwa ya rekodi huko Marekani. Mjomba alikuwa ameihifadhi kama juzuu. Bibi yuko upenuni anachagua mchele, Kizungu chake kinaishia gudi moning, akasema na mimi nataka kucheka bwana, nifasirieni. Hapo ndio balaa lilianza kwa sababu Pryor anatukana kama anavyopumua, na wallahi sijawahi kusikia mtu anatukana kwa ufundi vile. Mjomba anasikiliza weee, anakohoa, anasema, "Mama, anawasalimia." Kidogo tena, "Anawasalimia." Bibi akainua uso kwenye ungo: "Salamu gani hizi zisizoitikiwa?"

Ikafika sehemu ya Afrika. Jamaa alikuja Kenya 1979, kwetu hapa hapa, na sisi hatukuwa na habari. Anasema alimpa mtu lifti, yule mtu ananuka jasho mpaka basi, kuja kumwangalia naye katoa kichwa nje dirishani, kumbe harufu ya Pryor imemshinda. Hiyo haikuhitaji kurukwarukwa, Bibi alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Halafu ikaja ya hotelini. Sasa mjue mjomba alikuwa na tabia, kila rafiki akipita barazani anamwita kwa lile neno baya walilokuwa wakiitwa weusi kule Marekani, alilibeba huko mabandarini akaona ndio ujanja. Na Pryor mwenyewe alikuwa bingwa wa hilo neno, limo hadi kwenye majina ya albamu zake mbili za miaka ya 70. Sasa huku kwenye kaseti anasema amekaa hotelini Kenya anaangalia watu, weusi watupu, kila mtu na shughuli yake, sauti ikamuuliza unawaona hapa wale wa lile neno? Akasema siwaoni. Ikamwambia ni kwa sababu hawapo. Akaapa halisemi tena. Mjomba alifasiri yote bila kuruka kitu, halafu kimya.

Bibi akauliza taratibu, "Ndilo lile unalomwitia yule mvuvi kila asubuhi hapo nje?"

Mjomba akajifanya anatengeneza redio.

Na redio kweli ilikuwa inakufa. Stima ilikuwa imekatika tangu jana, tunatumia betri zile kubwa nne, sauti ya Pryor ikaanza kuvutika, nzitooo, kama mzee aliyeamshwa usingizini, ikazima. Tukazitoa betri tukazianika juani juu ya kibaraza, moja binamu yangu akaiuma kabisa kwa meno ati ndio inapata nguvu haraka. Mpaka kesho yake alasiri ndio tukaendelea.

Hiyo kesho ndio ikaja habari ya moto. Pryor aliungua Juni 1980 huko Los Angeles, mambo ya kokeini, akatoka mbio barabarani anawaka. Yeye anadanganya watu kwamba alichovya biskuti kwenye maziwa yakalipuka. Bibi akashtuka, "Maziwa ya aina gani?" Mjomba ikabidi aeleze yote, kiko cha kuvutia kokeini kinavyomsemesha, rafiki yake Jim Brown, yule mwigizaji, anavyokuja kumuuliza swali lile lile utafanyaje, utafanyaje, mpaka kufika hospitali.

"Na hao wanaocheka, wanamcheka mtu aliyeungua?"

"Mama, mwenyewe ndiye anayewachekesha."

Mjomba akachukua kiberiti cha Bibi, maana filamu ya onyesho hilo alishaiona huko safarini, akasema mwisho kabisa Pryor anawasha njiti anaipitisha hivi hewani, anauliza hii ni nini? Ni Richard Pryor anakimbia barabarani. Sisi tulivunjika mbavu. Bibi hakucheka hata kidogo, akasema rudisha kiberiti changu.

Magharibi stima bado haijarudi. Nilikuwa nimejilaza kwenye mkeka, nikamwona Bibi jikoni anataka kuwasha kandili. Akawasha njiti, akaiangalia, akaipitisha gizani polepole kutoka kushoto kwenda kulia, mabega yanamtetemeka kwa kicheko, mpaka ikamfikia kidoleni akaitupa, ikabidi awashe nyingine.