Siku ya 18, mlango unafungwa

Saa 11 alfajiri. Mtaa wetu wa Pasua bado ni giza, na baridi ya Julai hapa Moshi haina mzaha. Leo ni siku ya 18 tangu niweke mayai kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Kabla ya kubandika chai nachungulia mfuko wa nailoni niliouziba jana usiku. Ndani nimeweka kizibo cha soda chenye chumvi iliyoloweshwa, pembeni yake kipimo cha unyevu cha mashine, nijue kama kinasema kweli. Chumvi yenye majimaji ndani ya mfuko uliozibwa huleta unyevu wa asilimia 75. Kipimo changu kinasoma 70. Basi kila namba nitakayoiona leo naiongezea 5.

Saa 1 asubuhi. Nashusha mapazia, namulika mayai kwa tochi. Niliweka 120 ya kuku chotara, siku ya 7 nikatoa 14 yasiyo na mbegu. Yai lenye uhai leo linaonekana jeusi karibu lote, limebaki eneo la hewa tu upande mnene, na ukivumilia utaona kitu kinatikisika. Matano hayana uhai, maji yanacheza ndani. Nayatoa, maana yai viza likipasuka kwenye joto lile litachafua yote. Yamebaki 101.

Saa 3. Hapa ndipo kazi yenyewe. Trei ya kugeuzia inatoka, kwa sababu kuanzia leo mayai hayageuzwi tena: kifaranga anajipanga, mdomo uelekee kwenye hewa. Chini natandika taulo kuukuu. Gazeti linateleza, na kifaranga akiteleza siku ya kwanza miguu hutanuka, hasimami vizuri. Halafu maji. Wengi huongeza kina, kumbe unyevu hutokana na upana wa maji. Mimi naongeza sahani ya pili na sponji, maji yawe ya uvuguvugu ili joto lisishuke. Matundu ya hewa nayafungua zaidi, vifaranga wanakaribia kuanza kupumua.

Saa 5 na robo nafunga mlango.

Saa 8 mchana anaingia mama jirani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nifungulie kidogo nione.”

Namwomba aangalie kupitia kioo. Namweleza ya mwaka jana: nilikuwa nafungua kila saa niwasaidie waliotoboa ganda, unyevu ukatoka wote, ngozi ya ndani ya yai ikakauka na kuwabana. Tisa walifia ndani wakiwa wamekamilika, na manyoya yao. Bado inaniuma.

Anaguna. “Hata kuku mwenyewe siku hizi za mwisho hanyanyuki, umwage mahindi usimwage.”

Nimefuga miaka minne na hakuna aliyenieleza jambo hili vizuri kuliko yeye.

Saa 11 jioni umeme unakatika. Nafunika mashine kwa blanketi, matundu nayaacha wazi, mlango siugusi. Unarudi baada ya dakika 40.

Saa 2 usiku. Joto 37.5. Unyevu unasoma 63, yaani 68, ndipo ninapopataka. Naongeza umeme wa LUKU, kisha naandaa boksi la kulelea: maranda, taa, kinyweshea. Wakitotolewa sitawakimbiza kuwatoa, kiini cha yai walichokifyonza tumboni kinawatosha zaidi ya siku nzima. Wakauke kwanza.

Saa 4. Nasogeza kochi hadi karibu na mashine, nazima taa ya sebule.