Rufiji kwa boti: kaa wapi, tazama nini

Wengi wanaofika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere humaliza siku nzima garini wakimsaka simba, mto wakaubakizia saa moja ya mwisho. Ni kuupunja. Kama una siku moja tu, anza na boti.

Kutoka Dar es Salaam unapita Kibiti, Mkongo na Mloka hadi lango la Mtemere. Masika hugeuza barabara ya vumbi kuwa tope, na kambi nyingi hufunga. Miezi yenyewe ni Juni hadi Oktoba: maji yameshuka, mafungu ya mchanga yako nje. Langoni fedha taslimu hazipokelewi, na Mtanzania abebe kitambulisho, maana kiingilio cha raia na cha mgeni havikaribiani.

Kwa safari ya jioni, saa kumi uwe umeshavaa jaketi okozi. Mwombe nahodha apande mto kwanza. Rufiji unateremka kuelekea mashariki, kwa hiyo mkipanda jua liko usoni na picha zote zinatoka nyeusi. Mkirudi liko mgongoni, mkondo unawabeba, injini inaweza kuzimwa, na hapo ndipo ndege hawaruki.

Kiboko akipiga miayo usidhani ana usingizi: anaonya. Akishtuka hukimbilia kina kirefu, na boti ikikaa katikati yake na kina hicho, mmemzibia njia. Nahodha mzuri humwachia upande wa kina. Hugongagonga ubavu wa boti pia, ili walio chini waibuke na wajulikane walipo. Kiboko huweza kuzama dakika tano hivi, na maji matulivu si ushahidi kwamba hayupo. Tatizo ni kwamba upande wa pili huwa na mchanga, propela ikakwama. Hapo asishuke mtu kusukuma kabla nahodha hajasema, kwa sababu ya mamba.

Kingo za udongo zilizokatika wima zitazameni polepole. Matundu yale ni ya keremkerem, ndege wala nyuki: handaki lenye urefu wa karibu mita moja, kiota mwishoni. Simameni mbali, muwahesabu wakiingia na wadudu mdomoni. Kenge akionekana anapanda ukingo, jueni anafuata mayai na makinda.

Juu ya mchanga mtafuteni ndege mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mwenye mdomo mwekundu ambao sehemu ya chini imeizidi ya juu. Jua likizama huruka chini sana, mdomo wazi, ule wa chini ukichana maji kama wembe. Ukigusa samaki, unafunga papo hapo. Mayai yake huyataga juu ya mchanga mtupu, rangi moja na mchanga, kwa hiyo kusimamisha boti hapo mnywe chai ni kukanyaga kizazi. Chai inyweni botini.

Tangu bwawa la umeme la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, kina cha mto hakitegemei mvua peke yake, basi mwulizeni nahodha hali ya siku hiyo. Nguo nyeusi na za buluu ziacheni nyumbani: mbung'o huzifuata, na kanga nyembamba hawaioni kuwa kizuizi.