Maji ya waipa hayatoki? Anza na tundu, si pampu

Ukiishi Dodoma unalijua vumbi la Septemba, na maji yetu ya chumvi. Corolla yangu ya 1998 imekula vyote viwili, mpaka tundu la maji ya waipa upande wa dereva likaziba kabisa na la abiria likawa linadondosha tu. Waipa ikipita pakavu inasambaza tope na kukwaruza kioo. Ukikutana na lori usiku, huoni kitu.

Fundi mmoja alitaka ninunue pampu mpya. Kabla hujatoa hela, bonyeza swichi usikilize. Ukisikia pampu inaunguruma, chomoa mpira wa maji unaokwenda kwenye tundu, chini ya boneti, mtu abonyeze tena. Maji yakiruka, ugonjwa uko kwenye tundu.

Nilianza na pini nyembamba, taratibu, maana ukilazimisha unapanua tundu na maji hayarushwi tena kwa nguvu. Chokaa iliyokomaa haitoki kwa pini peke yake. Nilizichomoa nozeli, yaani vile vipande vyenye matundu (vibano vyake vya plastiki vikizeeka huvunjika kirahisi, kuwa mpole), nikaziloweka kwenye siki nyeupe usiku kucha, kisha nikapuliza kwa pampu ya baiskeli kutoka mbele kurudi nyuma, uchafu utokee ulikoingilia.

Osha na tanki, la sivyo ukoko wa chini utapanda tena. Sabuni ya unga usiweke, inaganda humo. Mimi sasa najaza maji ya mvua niliyoyachuja kwa kitambaa, na yanapiga katikati ya kioo, pande zote mbili.